Kabla hujakiweka kwenye mizani: mali za kale za Waingereza Jinja na Mbale

Na Mwandishi Wetu, Jinja na Mbale

Mnunuzi wa vyuma chakavu haulizi kitu kilitengenezwa wapi wala mwaka gani. Anauliza kilo. Shaba ina bei yake, chuma kina bei yake, basi. Kengele iliyolia stesheni kwa miaka arobaini ikifika kwake ni shaba tu, na jioni inapakiwa kwenye lori pamoja na mabomba yaliyotoboka. Kwa karatasi hali ni hiyo hiyo. Kitabu cha mwaka 1909 na daftari la mtoto la mwaka jana huchanwa pamoja kufungia njugu.

Msomaji wa gazeti hili anayepita Jinja na Mbale kila wiki, akitoka Busia, Malaba au Lwakhakha, ameviona vitu hivi mara nyingi bila kuvitilia maanani. Pengine amewahi kubeba kimoja ndani ya gunia bila kujua. Makala haya yanaeleza vitu gani vya zamani vya Waingereza vimebaki katika miji hii miwili, vipi vina thamani na vipi havina, na vipi vinaweza kukufikisha mahakamani ukivivusha mpaka.

Tuanze na jambo moja ambalo wengi hulikosea: uzee wa kitu si bei yake. Mkusanyaji wa Nairobi au London anayelipa vizuri hulipia kitu kilicho adimu, kilicho kizima, na chenye habari inayojulikana: kilikuwa cha nani, kilitumika wapi, kimefikaje hapa. Habari hiyo ndiyo inayopotea kwanza, na ikishapotea hakuna fundi wa kuirudisha.

Vilifikaje huku

Tarehe 28 Julai 1862, John Hanning Speke alifika mahali Mto Nile unapotoka Ziwa Victoria. Wenyeji waliyajua maporomoko yale tangu zamani, lakini yeye akayapa jina la Ripon, kwa heshima ya mkubwa aliyekuwa rais wa Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London wakati safari yake ilipopangwa. Miaka arobaini baadaye Waingereza walikuwa wameifanya Jinja kituo cha serikali. Mwaka 1912 ikafunguliwa reli ya Busoga, kutoka Jinja hadi Namasagali, ambako abiria na mizigo walipanda meli za Ziwa Kyoga. Mwaka 1931 daraja la reli likavuka Nile na treni za kutoka Mombasa zikafika Kampala. Mwaka 1954 Malkia Elizabeth II akafungua bwawa la umeme la Owen Falls, ambalo leo tunaliita Nalubaale, na maporomoko ya Ripon yakazama chini ya maji.

Mbale ina historia tofauti kidogo. Mji ulikua mwanzoni mwa karne ya 20 chini ya Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewafungulia Waingereza njia ya mashariki kisha akakosana nao. Reli ya kutoka Tororo kwenda Soroti ikapita hapo mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya pamba. Mwaka 1954 kikaanzishwa chama kikuu cha ushirika cha Bugisu, kuuza kahawa ya Mlima Elgon.

Pamba, kahawa, reli na ofisi vilihitaji vifaa. Mizani za Avery zilitoka Birmingham, sefu za Chubb zilitoka Wolverhampton, na baiskeli za Raleigh zilitoka Nottingham. Hizi za mwisho wafanyabiashara wa Busia hawana haja ya kuelezwa, maana kwenye mpaka huo ndiko baiskeli ilikopata kazi ya kubeba watu na mizigo, ikazaa neno bodaboda. Maofisa na wamisionari walikuja na vyombo vya chai, vijiko, saa za ukutani, masanduku ya bati yenye majina yao, na vitabu.

Baada ya uhuru wa 1962 maofisa waliondoka, na vitu vizito vikabaki. Miaka kumi baadaye, Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Hao ndio waliokuwa wenye maduka mengi ya Jinja na Mbale. Ukisimama Main Street, Jinja, ukainua macho juu ya mabango ya simu na dawa, utaona majina yao na miaka ya ujenzi bado yamechorwa kwenye saruji. Walichoweza kubeba kilikuwa kidogo. Mizani, saa, madaftari ya hesabu, picha za ukutani na vitabu viliingia mikononi mwa watu wengine, na wajukuu wa watu hao ndio wanaoviuza leo.

Kitu cha zamani kisicho na bei

Chukua cherehani ya Singer, ile nyeusi yenye maua ya dhahabu. Nyingi za huku zilitengenezwa kiwanda cha Clydebank, Uskoti, na kiwanda kile kilitoa mamilioni. Hata ikiwa ya mwaka 1920, kwa mkusanyaji ni kitu cha kawaida. Kwa fundi wa nguo anayeketi barazani ni mali kweli, kwa sababu bado inashona. Ukiipata nzima, mnunuzi wako wa kwanza ni fundi.

Singer hiyo hiyo ina kisa ambacho kila mfanyabiashara anapaswa kukijua. Mwaka 2009 ulienea uvumi Saudi Arabia kwamba ndani ya cherehani hizo kuna zebaki nyekundu yenye nguvu za ajabu. Watu wakakimbilia masoko na bei zikapanda kupita kiasi, mpaka serikali ikaingilia na kusema ni uzushi. Zebaki ya namna hiyo haipo. Uvumi kama huo hauishi. Leo huzunguka kwenye simu ukihusu redio za kale, pasi za mkaa na sarafu. Mtu akikuambia kuna tajiri anayetafuta kitu fulani kwa mamilioni, lakini kwanza utoe pesa ya kukipima, ujue kinachouzwa hapo ni wewe.

Sarafu nazo zinawachanganya wengi. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa 1919, na kuanzia 1921 shilingi yake yenye simba na milima ilitumika Kenya, Uganda na Tanganyika, kisha Zanzibar ikajiunga 1936. Mchuuzi alitoka Mombasa hadi Mbale bila kubadilisha pesa mpakani. Shilingi zilizopigwa kati ya 1921 na 1946 zina robo tu ya madini ya fedha. Zile za kuanzia 1948 ni shaba na nikeli, hazina fedha kabisa. Iliyo adimu zaidi ni florini ya mwaka 1920, iliyotolewa kwa muda mfupi kati ya enzi ya rupia na enzi ya shilingi.

Kuna senti moja ya tundu inayopendwa na wanaoanza kukusanya, na bei yake haimshindi mtu. Mfalme Edward VIII alitawala kuanzia Januari hadi Desemba 1936, akaacha kiti ili amwoe mwanamke aliyempenda. Huko Uingereza hapakutolewa sarafu ya jina lake kwa matumizi ya watu, muda haukutosha. Lakini sarafu zetu za tundu hazikuwa na picha ya uso, zilikuwa na jina tu la mfalme. Basi senti tano na senti kumi za 1936 zikapigwa kwa jina lake, na mama muuza ndizi wa Mbale akawa na mkononi kitu ambacho mwenye benki wa London hakuwa nacho. Zilipigwa nyingi, ndiyo maana bei yake ni ndogo. Ukiambiwa ni ya mamilioni, kataa. Ukiipata, itunze.

Vijiko na mabuli yanayong'aa pia yana siri yake. Geuza kijiko utazame alama za nyuma. Fedha halisi ya Uingereza hugongwa alama ya simba anayetembea, pamoja na alama ya mji na herufi ya mwaka: kichwa cha chui ni London, nanga ni Birmingham, na taji, kwa vitu vya zamani, ni Sheffield. Ukikuta herufi EPNS, hiyo ni aloi ya nikeli iliyopakwa fedha juu juu. Sehemu kubwa ya vyombo vya maofisa wa mikoani vilikuwa vya aina hiyo.

Stempu za posta zina chumba chao katika biashara hii. Zile za kwanza kabisa za Uganda zilitengenezwa 1895 na mmisionari Ernest Millar kwa mashine ya kuandikia, zikiwa na thamani iliyohesabiwa kwa kauri, yaani simbi. Ni adimu sana, na kwa sababu hiyo zimeigizwa sana. Mtu akikuletea kumi kwenye bahasha, mrudishie na bahasha yake. Za kawaida zaidi, na nzuri kwa mwanzo, ni stempu za pamoja za Kenya, Uganda na Tanganyika. Katika seti ya 1935 kuna inayoonyesha daraja la Jinja, na mwaka 1954 ilitolewa nyingine yenye picha ya bwawa la Owen Falls kwa ajili ya ziara ya Malkia.

Vitabu, na ile karatasi isiyotazamwa

Kwenye vitabu ndiko makosa makubwa hufanyika, kwa sababu kitabu kibovu na kitabu cha thamani vinafanana machoni pa asiyesoma ukurasa wa pili.

Kinachojulikana zaidi ni cha Speke, "Journal of the Discovery of the Source of the Nile", kilichotolewa 1863. Toleo hilo la kwanza likiwa na ramani na picha zake zote hutafutwa. Lakini kimechapwa upya mara nyingi, hata miaka hii ya karibuni, na nakala mpya zina jina lile lile kwenye jalada. Vivyo hivyo kwa "The Uganda Protectorate" cha Harry Johnston, cha 1902, ambacho ni juzuu mbili. Ukiwa na moja tu, una nusu ya kitabu na chini ya nusu ya bei. Winston Churchill alipita Jinja 1907, na katika "My African Journey" cha 1908 aliandika juu ya kuyafunga maji ya Ripon yaendeshe mitambo. Bwawa lilikuja miaka zaidi ya arobaini baadaye.

Upande wa Mbale wapo waandishi wawili wa kukumbukwa. J. B. Purvis, mmisionari aliyefanya kazi chini ya Mlima Elgon, alitoa kitabu cha sarufi ya Lumasaaba mwaka 1907, na mwaka 1909 akatoa "Through Uganda to Mount Elgon". John Roscoe, mmisionari mwingine, alitoa "The Bagesu" mwaka 1924. Huyu Roscoe alikuwa pia mkusanyaji mkubwa wa vitu vya watu wa Uganda, akavipeleka kwenye makumbusho ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Juni 2024 makumbusho hayo yalirudisha vitu 39 kwa Makumbusho ya Uganda, Kampala. Vimerudi kwa mkopo wa miaka mitatu. Mfanyabiashara yeyote ataelewa maana ya kukopeshwa kitu kilichotoka nyumbani kwako.

Lakini vitabu vya namna hiyo vimetunzwa katika maktaba za dunia, na nakala zake hazitakwisha. Vilivyo hatarini ni vile vidogo vilivyochapwa huku kwetu kwa ajili ya watu wa huku. "A History of Busoga" cha Y. K. Lubogo kilitoka Jinja mwaka 1960, na ndicho ambacho watu wa Busoga wenyewe hukitafuta. "Uganda Journal", jarida la Jumuiya ya Uganda, lilianza 1934, na toleo moja moja bado hupatikana kwenye nyumba za walimu wastaafu. Kuna Biblia ya Kiganda ya miaka ya 1890 iliyotengenezwa fupi na nene ili iingie kwenye kopo la biskuti, mchwa wasiipate. Kiganda kilikuwa lugha ya kanisa na utawala hadi Busoga na Bugisu, kwa hiyo nakala zake zilifika huku.

Ongeza hapo karatasi ambazo hakuna aliyedhani ni vitabu: ratiba za treni na meli, kijitabu cha sherehe za kufungua bwawa, sheria ndogo za chama cha ushirika, magazeti ya shule, vitabu vya kwanza vya kusoma vya Ofisi ya Vitabu ya Afrika Mashariki iliyoanzishwa 1948, kalenda za maduka ya Waasia, picha za harusi zenye jina la studio na mtaa. Vilichapwa vichache, vikatumika, vikatupwa. Kitabu cha Speke kikiungua leo Jinja, kipo kingine Edinburgh. Ratiba ya Namasagali ikifungia njugu, huenda hakuna nyingine.

Namna ya kukagua na kutunza

Fungua kitabu kwenye ukurasa wa jina, si jalada. Tafuta mwaka, mji na mchapaji. Geuza nyuma ya ukurasa huo uone kama imeandikwa kuwa ni toleo la pili au uchapaji wa kumi. Hesabu ramani na picha ukilinganisha na orodha iliyo mwanzoni, kwa maana ramani ndizo huchanwa kwanza. Angalia kama lipo jalada la nje la karatasi. Kwa vitabu vya karne ya 20 karatasi hiyo peke yake huongeza bei sana. Jina lililoandikwa kwa mkono halikiharibu kitabu. Likiwa la mtu anayejulikana katika mji, linakipandisha.

Ukikuta muhuri wa shule au maktaba, simama. Kama hakuna muhuri mwingine unaosema kitabu kimeondolewa, kinaweza kuwa bado mali ya shule. Kuuliza hakugharimu kitu. Kushikwa nacho kunagharimu.

Usisugue sarafu wala medali kwa mchanga, limau au dawa ya meno. Rangi ya uzee inayoonekana chafu machoni pako ndiyo mkusanyaji anayoitaka, na ukiing'arisha umeondoa sehemu kubwa ya bei kwa dakika tano. Usipake sefu rangi mpya. Usibandike kitabu kwa gundi ya plastiki. Baada ya miaka michache hugeuka njano na kula karatasi. Weka vitabu juu ya sakafu, mbali na ukuta wenye unyevu, na uvifungue mara kwa mara kuangalia mchwa. Mvua za Mbale hazina simile.

Jambo la mwisho katika utunzaji ni la bure, na ndilo linalolipa kuliko yote. Siku unaponunua, andika: nimekipata wapi, kwa nani, alisema kilikuwa cha nani, tarehe gani. Piga picha ukiwa nacho pale pale. Mizani ya Avery peke yake ni chuma kizuri. Mizani ya Avery yenye picha ya duka lilimokaa, jina la mwenye duka la mwaka 1938 na ratili zake zote imekuwa kitu kingine. Tena kwa vitu vilivyoachwa 1972, karatasi hiyo ni haki pia. Watoto na wajukuu wa waliofukuzwa wapo Leicester, London na Toronto, na baadhi hurudi Jinja kutazama nyumba za babu zao. Daftari la hesabu la Kigujarati lisilosomeka kwako ni kumbukumbu ya ukoo kwa mtu mwingine. Mtafute kabla hujatafuta mnunuzi mgeni.

Visivyobebwa

Kuna vitu ambavyo hata ukipewa bure usivivushe.

Cha kwanza ni pembe za ndovu. Waingereza walizipenda: mipini ya visu vya mezani, vitufe vya piano, mipira ya biliadi, vitana, vifungo. Biashara ya kimataifa ya pembe imepigwa marufuku tangu 1990, na ofisa wa forodha hatakusikiliza ukimwambia kisu ni cha bibi wa mwaka 1925. Uganda na Kenya zote zina adhabu nzito kwa makosa haya. Ngozi ya chui na pembe ya kifaru ni vivyo hivyo.

Cha pili ni majalada ya serikali. Barua za DC, ramani za upimaji, vitabu vya kodi na kesi za mahakama zenye nambari ya jalada ni kumbukumbu za taifa chini ya sheria ya Uganda ya mwaka 2001, na hazina mwenyewe wa kuziuza. Ukizikuta sokoni, mtu wa kumpelekea ni Nyaraka za Taifa, Kampala, au ofisi ya wilaya.

Cha tatu ni vitu vya koo na vya ibada: ngoma, viti, mikuki ya watawala, vifaa vya imbalu. Hivi si vya Waingereza hata kidogo, lakini huchanganywa nao sokoni kwa jina la vitu vya kale. Visa vya Cambridge vinatosha kutufundisha.

Cha nne hakikatazwi na sheria, lakini tunakiweka hapa. Wanaume wengi wa mashariki mwa Uganda walipigana katika jeshi la King's African Rifles, vita ya kwanza dhidi ya Wajerumani wa Tanganyika, na vita ya pili hadi Burma. Makaburi ya vita ya Jinja yana majina ya baadhi yao. Waliorudi walirudi na medali. Medali ya fedha ya vita ya kwanza huwa imechongwa kwenye ukingo wake nambari, jina na kikosi cha askari, kwa herufi ndogo zinazohitaji mwanga mzuri. Kwa sonara hiyo ni gramu kadhaa za fedha. Kwa familia inaweza kuwa ndiyo maandishi pekee duniani yanayosema babu yao alikuwepo. Ukiletewa medali, mwonyeshe muuzaji jina hilo kwanza. Akiendelea kutaka kuuza baada ya kulisoma, hiyo ni hiari yake.

Mpakani

Sheria za nchi zetu hazifanani. Uganda imekuwa na sheria ya kulinda vitu vya kihistoria tangu 1967, na wa kuulizwa kabla ya kutoa kitu nje ni Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale iliyo kwenye jengo la Makumbusho ya Uganda, Kampala. Kenya, kwa sheria ya 2006, inahesabu kuwa cha kale kitu kinachohamishika, kisicho kitabu wala hati, kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895, na kukitoa kunahitaji kibali. Tanzania, kwa sheria ya 1964, inatumia mwaka 1863, lakini inalinda pia milango iliyochongwa kabla ya 1940. Kwa hiyo kitu kilichopita salama Malaba kinaweza kukwama Namanga.

Wengi wenu hutumia cheti rahisi cha asili cha Jumuiya kwa mizigo isiyozidi dola 2,000. Kumbukeni cheti hicho ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Sefu ya Wolverhampton haikuzalishwa Mbale hata kama imekaa Mbale miaka tisini. Usiifiche chini ya mahindi ukitegemea cheti cha mahindi. Katika orodha ya forodha, vitabu vina sura yao, na vitu vya kale na vya wakusanyaji vina sura nyingine, ya 97, ambayo ndani yake vinatajwa vitu vya kale vilivyozidi miaka 100. Mwambie wakala wako atumie jina sahihi, mwonyeshe ofisa karatasi yako ya manunuzi, na uulize dawati la taarifa za biashara mpakani kabla hujapakia, si baada ya kusimamishwa.

Bei ya haki

Linabaki swali ambalo kila mchuuzi hujiuliza kimoyomoyo. Mzee wa kijiji cha nyuma ya Wanale anakutolea kitabu kutoka chini ya kitanda, anataka bei ya kilo mbili za sukari. Umefungua ukurasa wa jina, umeona 1907, na umejua. Unamwambia?

Wako watakaosema biashara ni macho. Lakini biashara hii haiendi kama ya nyanya. Kitu kinahitaji habari yake ili kiwe na bei, na habari anayo mzee. Ukimpunja leo, kesho atasikia, na kijiji kizima kitakufungia mlango pamoja na masanduku yaliyomo. Njia inayodumu ni kumweleza, kumlipa cha kuanzia, na kuandikiana kwamba kikiuzwa mtagawana kwa kiasi mlichopatana. Usimtajie bei ya ndoto uliyoiona kwenye intaneti. Bei anayoiomba muuzaji si bei iliyolipwa. Tafuta vitu kama hivyo vilivyokwisha kuuzwa kweli mnadani, ndipo useme. Na kama kitu kinafaa zaidi kubaki, mwambie hivyo. Maktaba ya Jumuiya ya Uganda iko hapo hapo kwenye Makumbusho, Kampala. Makerere nayo ina mkusanyiko wa vitabu vya Afrika. Wakati mwingine nakala ya picha ya ratiba moja inatosha kuiokoa, na ratiba yenyewe ukaiuza kwa moyo mweupe.

Wiki ijayo ukisubiri matatu ya Tirinyi au gari la Malaba, pita kwa mnunuzi wa vyuma chakavu kabla lori lake halijajaa. Geuza unachokiona. Soma ukingo, soma nyuma, soma ukurasa wa pili. Mara nyingi hutakuta kitu. Siku utakapokuta jina la mtu, utakuwa umefika kwa wakati.